PSP au PS Vita: Ipi Uagizie na Ipi Itakudodea

Mpwa wangu ana kimlango cha vifaa vya simu karibu na soko la Darajani. Wiki iliyopita alinipigia kabla ya adhuhuri, akiwa na haraka. Mtu wake wa Deira, kule Dubai, amepata maboksi mawili ya gemu za mkononi zilizotumika, zote zimetoka Japani. Moja ni la PSP, jengine ni la PS Vita, zote mashine za kampuni ya Sony. Pesa aliyonayo inatosha boksi moja tu.

"Mjomba, Vita ndiyo iliyokuja nyuma. Kioo kikubwa, inang'aa. Si ndiyo itakayouzika?"

Nikamwambia asitume pesa mpaka tukae baada ya alasiri. Suala lake nimelisikia kwa watu wengi, Unguja na Pemba, na si wafanyabiashara peke yao. Kuna mzee anayetaka kumnunulia mwanawe zawadi ya Idd, kuna kijana anayerudi safari na anauliza abebe ipi akaiuze. Wote huanza na jambo lile lile, kwamba mpya lazima iipite ya zamani. Kwa hizi mbili mambo hayakwenda hivyo, na kujua sababu kunamsaidia mtu kuamua hata leo, ingawa zote mbili hazitengenezwi tena.

Vipimo tutakavyotumia

Nilimpa mambo matano ya kupimia, na kila moja tulilitumia kwa mashine zote mbili bila kupendelea. La kwanza, mauzo yao ya asili yalikwendaje, kwa sababu hayo ndiyo yanayoamua leo kuna spea ngapi na ngapi zinazunguka duniani. La pili, memori kadi. La tatu, gemu zenyewe zinapatikana vipi kwa mtu aliyeko hapa. La nne, umeme, betri na fundi. La tano, mnunuzi ni nani na anakuwa na pesa wakati gani.

Nguvu ya mashine sikuiweka. Hapo hapana ubishi: Vita ina kioo cha inchi 5 chenye nukta 960 kwa 544, vijiti viwili vya kuelekezea, na sehemu ya kugusa mbele na nyuma. PSP ina kioo cha inchi 4.3, nukta 480 kwa 272, na kijiti kimoja tu. Mteja akizishika zote mbili dukani atasema Vita ndiyo nzuri, na atakuwa amesema kweli. Lakini muuza duka yeyote anajua kuwa kitu kizuri si lazima kiwe kitu kinachotoka.

Mauzo ya asili

PSP ilianza kuuzwa Japani Disemba 12, 2004, ikafika Marekani Machi 2005 na Ulaya Septemba mwaka huo huo. Mpaka Sony walipoiacha mwaka 2014, takriban milioni 80 zilikuwa zimeshauzwa. Mpinzani wake, Nintendo DS, aliuza milioni 154.02, kwa hiyo kwenye mbio zile PSP ilikuwa ya pili. Lakini wa pili mwenye milioni 80 ni mtu aliyekula na kushiba. Ndiyo maana PSP utaikuta kila pembe ya dunia, na ndiyo maana mkoba wake, betri yake, kioo chake na vitufe vyake bado vinauzwa.

Vita ilianza Japani Disemba 17, 2011. Siku mbili za mwanzo zilitoka zaidi ya 300,000, kisha wiki iliyofuata mauzo yakaanguka hadi chini ya 80,000. Mwenye duka akiona vile hulala na wasiwasi, maana waliokuwa wakiisubiri wameshanunua na nyuma yao hakuna foleni. Kwa mwaka wa fedha ulioishia Machi 2013, Sony walikisia kuuza milioni 16. Wakashusha hadi 12, wakashusha tena hadi 10, na mwisho wakasema 7. Na hesabu ile ilikuwa ya PSP na Vita kwa pamoja! Mashine mpya ilikuwa inahesabiwa juu ya mgongo wa ile ya zamani. Baada ya hapo hesabu ya Vita peke yake haikutolewa wazi, na wachambuzi huikadiria kati ya milioni 10 na 16 kwa maisha yake yote.

Kwa nini ilianguka? Mambo yalikutana. Nintendo 3DS, mashine iliyoifuata DS, iliyokuwa imeanza vibaya, ilishushwa bei Agosti 2011, kutoka dola 249.99 hadi 169.99, miezi michache tu kabla Vita haijatoka kwa dola 249 huko Marekani. Halafu Monster Hunter, gemu iliyoiuza PSP Japani kuliko kitu chengine chochote, ikahamia kwa Nintendo. Wakati huo huo simu za kugusa zilikuwa zimeshaingia mifukoni mwa watu. Na kulikuwa na memori kadi, ambayo nitaizungumza peke yake kwa sababu inastahili.

Kwa muuzaji wa leo, historia hii inasema mambo mawili yanayovutana. Wingi wa PSP unakupa spea na mzigo rahisi, ila pia unakupa washindani: jirani yako naye anaweza kuziagiza. Uchache wa Vita unakunyima spea, lakini bei yake haianguki kirahisi, kwa sababu nje kuna wapenzi wake wanaozitafuta bado, hasa ile ya kwanza yenye kioo cha OLED, aina ya kioo chenye rangi kali. Basi mtu asidhani kwamba mashine iliyoshindwa sokoni wakati wake ni lazima iwe rahisi leo.

Memori kadi

Hapa ndipo Vita ilipojifunga yenyewe, na hapa ndipo mimi nilipoumia.

PSP hutumia Memory Stick Duo na Pro Duo, kadi ya Sony wenyewe, lakini iliyotumika pia kwenye kamera zao, kwa hiyo ilienea. Zaidi ya hapo, siku nyingi kumekuwa na kiberiti chake kidogo, yaani kadi tupu ambayo ndani yake unatia microSD ya kawaida, ile ile ya simu. Unaichomeka, PSP inaisoma, basi. Muuza vifaa vya simu ana microSD za kila namna kabatini. Kwake kila PSP ni nafasi ya kuuza na kadi pia.

Vita ilikuja na kadi yake peke yake ambayo haiingii kwenye kitu chengine chochote. Marekani wakati inatoka, kadi ya GB 4 iliuzwa dola 19.99, ya 8 dola 29.99, ya 16 dola 59.99, na ya 32 dola 99.99. Mashine dola 249, kadi yake dola mia. Na Vita ya kwanza haikuwa na hifadhi ya ndani ya kutosha, kwa hiyo mnunuzi alilazimika kununua kadi ndipo aweke chochote cha maana. Ile ya pili iliyotoka Japani Oktoba 2013 ilipewa GB 1 ndani, ambayo ni kidogo sana. Sony baadaye wakapunguza bei za kadi, na mashine ikashushwa hadi dola 199 mwaka 2013, lakini watu walikuwa wameshakwenda zao.

Miaka kadhaa nyuma nilinunua Vita kumi zilizotumika kwa mtu mmoja aliyeniambia zimekamilika. Zilipofika, mashine zilikuwa nzima kweli, hata mikwaruzo hazina. Kadi hazikuwemo. Nilizunguka mji mzima, kutoka Darajani hadi Mlandege, sikupata hata moja. Nikaagiza, nayo bei ya kadi ikala faida yote ya mashine. Mashine sita zilikaa kabatini mwangu mpaka kuta za boksi zikalegea kwa unyevu. Kwa hiyo nikisema swali la kwanza kuhusu Vita ni "kadi iko wapi?", ninasema hivyo kwa pesa yangu.

Ipo njia ya kutia microSD kwenye Vita pia, kwa kipande kinachokaa kwenye tundu la gemu. Lakini kinahitaji mfumo wa mashine ufunguliwe kwanza, yaani kufuli la Sony ndani ya programu yake liondolewe, na ukishakiweka huwezi kuchomeka gemu ya duka hapo hapo. Kijana anayejua mambo haya hatishiki. Mama anayenunulia mtoto wake zawadi hataki hata kusikia.

Kwa kipimo hiki PSP ni nyepesi kwa muuzaji wa rejareja. Vita inafaa pale tu ambapo mzigo umekuja na kadi zake, au mteja wako ni mtu anayejua kuifungua mwenyewe.

Gemu: mpira kwanza

Tusijidanganye: hapa kwetu mtu akisema "gemu" mara nyingi anamaanisha mpira. Kwa PSP, PES iliendelea kutolewa mwaka baada ya mwaka hadi PES 2014, na FIFA hadi FIFA 14. Yaani mashine ya 2004 ilikuwa bado inapewa mpira mpya miaka tisa baadaye, wakati mdogo wake yuko sokoni tayari. Vita ilipata FIFA, ya mwisho ikiwa FIFA 15, ambayo kwa macho inapendeza kuliko chochote cha PSP. Lakini PES haikutengenezewa. Kwa vijana waliokulia kwenye vibanda vya PlayStation, ambako PES ndiyo iliyokuwa inachezwa mpaka maghrib, kukosekana huko si jambo dogo.

Nje ya mpira, Vita si masikini. Ina Uncharted yake, ina Persona 4 Golden iliyopendwa sana, na ina gemu nyingi ndogo za watengenezaji huru. Mtu mzima anayependa hadithi ndefu ataishi nayo miaka. PSP nayo ina God of War mbili, ina Grand Theft Auto, ina Tekken. Kwa jumla PSP ina gemu nyingi za kuwakusanya watoto, Vita ina gemu nzuri za mtu aliyetulia peke yake.

Suala ni kuzipata. PSP hutumia kidiski kiitwacho UMD, na uzuri wake ni kwamba gemu za UMD hazifungwi kwa nchi: mashine ya Japani itacheza kidiski cha Uingereza. Vita nayo kadi zake za gemu hazifungwi kwa nchi. Tatizo la mzigo wa Japani ni lugha ndani ya gemu, na kitufe: kwenye mashine za Japani kukubali ni duara, kurudi ni msalaba, kinyume cha za Ulaya. Menyu yenyewe unaweza kuibadilisha ikawa ya Kiingereza. Muoneshe mteja jambo hili kabla hajalipa, atakushukuru.

Vita haina pa kutia UMD. Gemu za PSP inazicheza, lakini zile zilizonunuliwa kwa intaneti. Na duka la intaneti la Sony halina Tanzania kwenye orodha ya nchi zake, kwa hiyo mtu hulazimika kujiandikisha kwa nchi nyengine. Mwaka 2021 Sony walitangaza kuyafunga maduka ya PSP, PS3 na Vita. Wapenzi walipolalamika wakarudi nyuma kwa PS3 na Vita, lakini la PSP lilifungwa kwa ununuzi Julai mwaka ule. Tangu Oktoba 2021, hata kwenye Vita huwezi kulipa kwa kadi ya benki moja kwa moja. Unahitaji salio ulilokwisha kulitia kwa njia nyengine. Mtu wa Mwanakwerekwe anayelipa kila kitu kwa simu hana njia fupi ya kufika huko.

Ndiyo maana wateja wengi wakinunua husema, "Nitilie na gemu." Hapa nasema wazi ninavyoamini. Kufungua mashine yako mwenyewe ili isome kadi au programu unazozitaka sioni ubaya, maana ni mali yako. Kunakili gemu ya mtu na kuiuza ni kuuza jasho la mwengine, na Zanzibar ina Sheria ya Hakimiliki tangu 2003. Dukani kwa mpwa wangu tumekubaliana auze UMD na kadi halisi pamoja na mashine, hata kama ni chache. Ni kweli kwamba gemu za kunakili ndizo zilizoifanya PSP ipendwe sehemu nyingi zisizo na maduka, na ni kweli pia ndizo zilizowakimbiza watengenezaji. Vita ilifungwa mfumo wake kwa nguvu kwa sababu ya funzo hilo, na kadi yake ya peke yake ilikuwa sehemu ya kufuli hiyo hiyo.

Umeme, betri na fundi

Chaja za PSP na za Vita, hata za Japani, zinakubali umeme wa volti 100 hadi 240. Huhitaji transfoma. Unahitaji kibadilisha plagi tu, kwa sababu zao ni pini mbili bapa na soketi zetu ni za pini tatu nene. Soma hata hivyo maandishi nyuma ya kila chaja, kwa sababu kwenye boksi la mtumba huchanganywa chaja zisizo zake.

Aliyekuwepo Unguja 2008, na tena kuanzia Disemba 2009 hadi Machi 2010, anakumbuka kiza kile. Waya wa baharini uliharibika, kisiwa kizima kikakaa bila umeme, mara ya pili kwa miezi mitatu. PSP ilikuwa kwenye enzi yake. Vijana walikuwa wakilipa ili kuchajia kwenye jenereta, na mwenye betri mbili alikuwa mfalme wa baraza. Betri ya PSP unaitoa kwa ukucha, unatia nyengine. Umeme leo ni afadhali sana, lakini uwezo huu wa kubadilisha betri bado unauza mashine, hasa kwa mtu wa shamba.

Ubaya wake ni umri. Betri za PSP nyingi sasa zimevimba. Mfuniko wa nyuma ukiwa umeinuka, usiichaji, itoe na uiweke mbali na moto na watoto. Betri za kopi zipo, lakini nyengine hazidumu. Kitu chengine kinachokufa ni mtambo wa kuzungusha UMD, maana una sehemu zinazotembea, na hewa yetu ya chumvi haina huruma na chuma kidogo.

Vita haina kinachozunguka ndani, na hilo ni jema kubwa. Betri yake imefungwa ndani kwa skurubu, haitoki bila fundi. Ya kwanza, yenye namba PCH-1000 nyuma yake, ina waya wake maalumu wa kuchajia. Ukipotea, ni kazi kuupata. Ya pili, PCH-2000, inatumia waya wa micro USB, ule wa simu za zamani unaojaa kwenye kila kimlango cha Darajani. Ni nyepesi pia, gramu 219 badala ya 260. Kioo chake ni LCD, rangi zimepoa kidogo, lakini kwa biashara ya hapa ningeichukua hii bila kusita.

Kwa fundi, PSP inafunguka na kufungika, spea zake rahisi. Vita ikivunjika kioo, mara nyingi gharama inakaribia bei ya kununua nyengine.

PSP nazo usizichukue kwa jina tu. Tazama namba kwenye kibandiko cha nyuma. PSP-1000 ni nene na nzito. PSP-2000 na 3000 ndizo za kuuza. PSP Go, yenye namba N1000, haina pa kutia UMD, kwa hiyo vidiski vyako vyote havina kazi kwake. E1000 haina Wi-Fi, maana yake watoto wawili hawawezi kuunganisha mashine zao wakacheza pamoja. Kuunganisha huko bila intaneti ni moja ya raha za PSP: wawili wamekaa sitaha ya boti ya Mkoani, kila mmoja na yake na kidiski chake, na hapana bando linalotumika.

Mnunuzi na msimu wake

Kwa Unguja, pesa ya gemu inatoka sikukuu. Watoto hupewa pesa zao za Idd, wazee nao mikono hulegea, na siku zote nne mji umejaa. Kitu cha bei ya chini ambacho mtoto anaweza kukipata kwa kuunganisha sikukuu zake na nyongeza ya baba, hicho ndicho kinachotoka. PSP imekaa hapo. Ramadhani yenyewe pia ni msimu: baada ya tarawehe mpaka daku vijana wako macho.

Pemba mambo yanakwenda na karafuu. Mwaka ukiwa na mavuno mazuri na ZSTC, shirika la serikali linalonunua karafuu, inalipa, Wete na Chake Chake hununuliwa mpaka vitu ambavyo mwenye duka alikwishavisahau. Mwaka mkavu, weka mzigo mdogo. Kwa Pemba ningezingatia pia kwamba mashine ikiharibika mteja asilazimike kuivusha bahari kumtafuta fundi.

Mnunuzi wa Vita ni mwengine. Ni kijana anayefanya kazi hotelini Nungwi au Paje, ana mshahara, ana intaneti, ameona Vita kwenye video na anajua anachokitaka. Au ni mtu anayekusanya. Hawa ni wachache, lakini hawabishani sana bei, na mara nyingi ukiwa nayo watakufuata wao.

Simu, ambayo hukuiuliza

Kuna mshindani anayezigusa zote mbili, na muuzaji asipomhesabu atajikuta na kabati lililojaa. Tangu mwisho wa 2012 kuna programu iitwayo PPSSPP, iliyoanzishwa na Henrik Rydgård, inayoiwezesha simu ya kawaida ya Android kucheza gemu za PSP. Vijana wengi wanaicheza PES ya PSP leo bila kuwahi kuishika PSP yenyewe, na wapo wanaozitengeneza jezi za Simba na Yanga humo ndani. Simu yenyewe anayo tayari.

Hili linaiumiza PSP kuliko Vita, kwa sababu gemu za Vita kwenye simu bado zina shida. Lakini linaisaidia pia, na hili nimeliona kwa macho: kijana aliyezoea kubonyeza juu ya kioo akishika vitufe vya kweli mara moja, anarudi. Na wazazi kadhaa wameniambia wanataka mtoto awe na kitu cha kuchezea kisichokuwa na WhatsApp wala TikTok. Wi-Fi ya PSP ni ya zamani mno hata haishikani na vifaa vingi vya intaneti vya leo. Kwa mzazi wa namna hiyo, kasoro hiyo ndiyo sifa aliyoitafuta.

Kwa hali yako

Ukiwa na kimlango kidogo na mtaji unaotakiwa urudi kabla ya kodi ya mwezi, PSP-2000 na 3000 zinakufaa zaidi. Tuseme Vita moja inakugharimu sawa na PSP mbili. PSP mbili zinaweza kwenda kwa wateja wawili, na kila mmoja akaondoka na microSD, mkoba na betri ya akiba. Nunua kabla ya Ramadhani, si baada yake.

Ukiwa na duka lililosimama, wateja wanaokujua, na unaweza kusubiri miezi mitatu bila kukosa usingizi, Vita chache zina nafasi yake. Chagua PCH-2000, kila moja na kadi yake ya memori ndani, GB 8 au zaidi. PCH-1000 ichukue ikiwa kioo chake hakina madoa na waya wake umo, na umlenge mtu anayeijua thamani ya OLED. Bila kadi, punguza bei yake kwenye hesabu zako kabla hujampa muuzaji jibu.

Ukiuza Chake Chake, Wete au Mkoani, chukua PSP na uongeze betri na vitufe kwenye mzigo huo huo. Vita iwe kwa oda tu: mteja ametoa arubuni, ndipo unaagiza.

Mzazi anayenunua moja kwa ajili ya mtoto wa skuli ya msingi, PSP yenye vidiski vitatu au vinne halisi itamtosha. Mtoto wa sekondari anayependa gemu za hadithi na anayetunza vitu vyake, Vita itamkaa zaidi na haina mtambo wa kuzunguka utakaokufa. Ikiwa anachotaka ni mpira tu na ana simu nzuri tayari, pengine mnunulie padi ya kuunganisha na simu hiyo.

Fundi anayetaka mashine mbovu za kufufua, boksi la PSP zilizokufa lina maana, kwa sababu katika tatu zilizokufa unaweza kutoa mbili zinazowaka. La Vita zilizokufa, omba kwanza picha ya vioo, kimoja kimoja.

Mpwa wangu jioni ile alimwandikia mtu wa Deira. Amechukua nusu boksi la PSP-3000 na Vita nne za PCH-2000, kwa sharti la kutumiwa video ya kila Vita ikiwaka huku kadi yake ikionekana ndani. Video tatu zimeshafika. Ya nne anaisubiri, na pesa ya hiyo moja bado iko kwake.